Sauti Nyuma ya Goli

Kinyozi yule watu walimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Kabla hajamaliza kukufunga kitambaa shingoni alikuwa ameshakueleza nani kahama mtaa, nani karudiana na nani, na kwa nini refa wa mechi ya jana alistahili kupimwa macho. Mashine ikinguruma, naye ananguruma juu yake. Wapo wateja waliokuja nywele zikiwa bado fupi, ili mradi tu wapate habari.

Mtu huyu mwenye mdomo usiojua likizo alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto huyo hakuweza kulimaliza jina lake mwenyewe bila kukwama.

Kigugumizi kilimshika akiwa na miaka minne. Alipofika kumi alikuwa amejifunza ujanja wote wa kukikwepa. Akitumwa kiberiti, anarudi na chumvi, kwa sababu neno lile lilimkaba kooni pale dukani, watu wamepanga foleni nyuma yake, akaamua kutaja kitu kilichokubali kutoka. Mama yake alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, akirudi nyumbani adhuhuri na unga kwenye nyusi. Aliipokea ile chumvi, akaenda kununua kiberiti mwenyewe. Kabatini mwao kulikuwa na chumvi ya kuwatosha mwaka mzima.

Shuleni, zamu yake ya kusoma kwa sauti ikikaribia, aliomba ruhusa kwenda chooni. Walimu waliandika kwenye ripoti yake: mtoto mtulivu. Redio alikuwa akiisoma ripoti hiyo kwa wateja wake na kucheka. "Utulivu huu kaupata kwa mama yake," alisema. "Kwangu mimi angeupatia wapi?" Lakini mteja akishatoka, alikuwa anabaki amesimama na kitana mkononi, akijiuliza mtoto wake ataishije katika dunia ambayo hata mkate unauomba kwa mdomo.

Aliyempeleka uwanjani alikuwa nesi wa zahanati. Nesi huyu, siku mbili kwa wiki baada ya kazi na kila Jumamosi asubuhi, alivua sare yake, akatundika filimbi shingoni na kuwafundisha mpira wasichana wa mtaa walio chini ya miaka kumi na minne. Wote walimwita Kocha, hata wagonjwa. Siku hiyo binti wa kinyozi alikuwa amekanyaga kipande cha chupa. Alikaa kwenye benchi la zahanati, mguu juu, machozi yakimtiririka, Kocha akimsafisha kidonda. Bandeji ikabiringika, ikadondoka kutoka mezani. Mtoto akanyoosha mkono akaidaka kabla haijagusa sakafu, bila hata kuacha kulia.

Kocha akasimamisha kazi. Akachukua bandeji nyingine, akaitupa upande wa pili. Mtoto akaidaka.

"Mguu ukipona, uje uwanjani," alimwambia. "Sina haja uniambie chochote. Niletee hiyo mikono tu."

Akawekwa golini, mahali ambapo hakuna mwenzake aliyepataka kwa sababu ya maumivu na matope. Wiki tatu alicheza kimya kama nguzo ya goli. Wiki ya nne yeye na beki wake wakaurukia mpira mmoja, vichwa vikagongana, beki akatoka na pua inayovuja damu. Kocha akawakalisha wote wawili kwenye nyasi.

"Kipa asiposema, watu wanaumizana," alisema. "Nataka neno moja tu. Wangu. Basi."

Mpira uliofuata ulipopigwa kutoka pembeni, neno likatoka. Halikukatika, halikujikokota. "Wangu!" Sauti ilikuwa nene kuliko alivyodhani yeyote, na beki aliyekuwa amejishika pua aligeuka kutazama ni nani kaingia uwanjani. Pengine mpira ulikuja upesi mno, neno halikupata nafasi ya kuogopa. Mtoto mwenyewe hakuweza kueleza. Alichojua ni kwamba kulikuwa na neno moja duniani lililomtii, na baada ya hilo yakafuata mengine. "Rudi!" "Kushoto kwako!" "Mwache aje!" Wenzake wakamwita Komeo, kwa kuwa mlangoni aliposimama hapiti mtu, na jina hilo likamganda mpaka nyumbani.

Wazazi waliona mambo kidogo kidogo. Viatu vya wasichana wengine vikaanza kuonekana mlangoni. Kicheko kikasikika chumbani. Akaanza kula kama mtu aliyetoka shambani na kulala usingizi mzito. Kigugumizi hakikuondoka, lakini hakikuwa tena bwana wa nyumba. Alikwama, akapumua, akaendelea, na aliyemsikiliza asubiri. Siku moja alitumwa kiberiti akarudi na kiberiti. Mama yake alikishika mkononi muda mrefu, kisha akaingia jikoni, akajifuta macho kwa aproni.

Redio alifunga duka Jumamosi moja kwenda kujionea. Alisimama pembeni na wazazi wengine, akamsikia mwanawe akipiga kelele kupanga mabeki wake. Alirudi dukani akanyoa vichwa vitatu bila habari hata moja.

Laiti angebaki hivyo.

Sifa zilianza kama mzaha. Mteja anauliza, "Komeo mzima?" Redio anaeleza jinsi Komeo alivyookoa penati, na kila akieleza, mpiga penati anazidi kuwa mkubwa. Kisha mteja mmoja akasema kuna shule ya michezo inayopita kwenye mashindano ya watoto ikitafuta vipaji. Walikuwa wanachukua makipa hasa. Maneno hayo yakamwingia Redio kichwani yakajenga nyumba.

Akaanza kumwamsha mtoto alfajiri, amrushie mipira ukutani nyuma ya duka kabla ya shule. Akaanza kuhama kutoka pembeni walikosimama wazazi, akawa anasimama nyuma ya goli. Kutoka hapo sauti yake ilimfikia binti yake kabla ya sauti ya Kocha. "Toka! Usitoke! Macho kwa mpira! Nimekwambia nini jana?" Wakirudi nyumbani hamuulizi kama amefurahi. Anamhesabia makosa, kwanza, pili, tatu, mpaka mlangoni.

Mke wake alimwambia siku moja, akimkanda mtoto goti kwa kitambaa cha maji ya moto. "Baba Komeo, huyu alikuwa anakwenda kucheza. Sasa anakwenda kazini."

"Mimi namsaidia."

"Mtoto ameanza tena kukwama. Husikii?"

Hakusikia. Mtu anayeongea muda wote atasikia nini?

Kocha naye alimfuata dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja ingawa hakuja kunyolewa. "Ndugu yangu, golini nimemweka mtoto mmoja, lakini naona wanadaka wawili. Mmoja amuachie mwenzake. Njoo tuangalie mpira pamoja kule pembeni. Ukijisikia kupiga kelele, utanipigia mimi."

Redio alicheka, akamwahidi. Kocha alipotoka, aliwageukia wateja. "Kanifundishia mtoto, sasa anataka kunifundisha ubaba."

Nusu fainali ilichezwa uwanja wa shule ya upande wa pili wa mji. Wazazi wengi walikuja, na chini ya turubai walikaa watu wawili wenye kofia zinazofanana, mmoja ameshika daftari. Redio aliwaona kabla hajamwona mwanawe. Akajua hao ndio wa ile shule ya michezo. Akaenda moja kwa moja nyuma ya goli.

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri, timu ikaongoza bao moja. Lakini Redio hakunyamaza hata dakika moja. Komeo alikuwa akigeuza shingo kila mara, kama mtu anayepigwa mawe mgongoni. Dakika chache baada ya mapumziko, adui akapiga mpira mrefu wa juu, mwepesi, wa kudaka hata kwa macho yaliyofumbwa. Beki aliuacha, akisubiri neno la kipa wake. Komeo akatoka, akafungua mdomo.

"Wa... wa..."

Neno halikuja. Beki akasita, kisha akarudi kuuwahi mwenyewe. Wakagongana. Mpira ukadunda katikati yao, ukabiringika taratibu mpaka ndani ya goli.

Redio hakukumbuka baadaye alivukaje mstari. Alijikuta yuko ndani ya uwanja, mbele ya mwanawe aliyepiga magoti, na kinywa chake kilikuwa kimeshaanza kazi bila yeye.

"Wa-wa-wa-wa! Wa-wa nini? Neno moja tu linakushinda? Wa-wa-wa-wa!"

Alimwiga. Alikunja uso vilevile mtoto alivyokuwa akiukunja, akapepesa macho vilevile, mbele ya wenzake, mbele ya wazazi, mbele ya watu wa kofia. Na kwa sababu alikuwa hodari wa kuiga, kila siku akiwachekesha wateja kwa kuiga watu, aliiga vizuri sana. Watoto wawili wa timu pinzani wakacheka. Kisha nao wakaacha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyecheka.

Refa akapuliza filimbi. Komeo akasimama. Akavua glavu, ya kulia kwanza, ya kushoto baadaye, akaziweka chini zikiwa zimepangana vizuri. Akampita baba yake, akampita Kocha aliyekuwa anakuja mbio, akatoka nje ya uwanja akitembea. Hakukimbia, hakulia.

"Mwanangu," Redio aliita. "Mwanangu, nilikuwa..."

Hakugeuka.

Jioni ile alimwomba radhi. Aliingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaongea muda mrefu. Alieleza hasira, alieleza mapenzi, alieleza watu wa kofia. Mtoto alimsikiliza akitazama ukuta. Alipomaliza akamuuliza, "Umenisamehe?" Mtoto akatikisa kichwa kukubali, na Redio akatoka akihema kama mtu aliyetua mzigo. Mke wake alikuwa kwenye korido.

"Umemwomba radhi kwa maneno mangapi?" alimuuliza.

Redio hakuelewa.

"Yeye hana hata moja, Baba Komeo. Ulimwachia moja, nalo ukamnyang'anya mbele za watu."

Jumanne iliyofuata Komeo hakwenda mazoezini. Alhamisi wenzake wakamfuata, sita kwa pamoja, wakajipanga sebuleni na soksi zao zenye nyasi. Beki, yule wa pua, alisema, "Bila wewe tunafungwa kama kuku." Komeo alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. Wakakaa, wakaondoka. Wiki ya pili walikuja watatu, ya tatu akaja beki peke yake. Kisha mashindano mengine yakaanza, mtoto mwingine akawekwa golini, na viatu mlangoni vikabaki vya wenye nyumba tu.

Mambo mengine yalirudi nyuma kwa mpangilio uleule yalivyokuja. Usingizi ukaondoka, chakula kikabaki kwenye sahani. Akitoka shule anapanda kitandani na sare yake. Kuomba ruhusa ya kwenda chooni kukaanza upya, na safari hii walimu walikuwa wanamjua, wakawa wanamrudisha, "Kaa chini, soma," mpaka siku moja alipobaki amesimama na kitabu mikononi kipindi kizima, midomo imefumbwa, darasa likimsubiri, kengele ikalia. Toka hapo hakutafuta tena maneno rahisi ya kubadilishia. Akaacha kusema. Nyumbani alitikisa kichwa au kuonyesha kwa kidole. Kwa mama yake alinong'ona kidogo.

Redio alihangaika. Alimpeleka kwa mtaalamu wa matamshi hospitali kubwa, mtoto akakaa mbele ya mtaalamu kama gogo. Alinunua glavu mpya, zikabaki ndani ya mfuko wa dukani. Alikwenda uwanjani siku ya mazoezi, akawaomba wasichana wote wakusanyike, akavua kofia akawaomba radhi. Walimtazama. Mmoja alikuwa anachimba nyasi kwa kidole cha mguu. Kocha akawaruhusu waendelee na mazoezi, akabaki naye.

"Wamekusikia," Kocha alisema. "Lakini si wao uliowaiga."

"Nifanye nini, dada yangu? Niambie. Nitafanya chochote."

Kocha alizoea kufunga vidonda, lakini hiki hakuona wapi pa kukianzia. "Kuna watoto wadogo nimeanza nao, wa miaka saba, minane," alisema mwishowe. "Mwambie mama yake amlete. Asidake, asiseme. Anisaidie kupanga mipira. Na wewe usionekane. Nakuomba, ndugu yangu, usionekane kabisa."

Ilichukua mwezi mama kumshawishi. Jumamosi moja wakatoka, mama na binti, asubuhi, jua bado pole. Redio alikuwa ameapa kubaki dukani. Alinyoa nusu kichwa cha mteja, akashindwa, akamwachia kitambaa shingoni, akawafuata kwa mbali, akijificha nyuma ya kuta kama mwizi wa mtoto wake mwenyewe.

Akaona wamefika kwenye lango la uwanja. Akaona Komeo anasimama, mkono kwenye chuma cha lango. Ndani, watoto wadogo walikuwa wanakimbilia mpira mmoja wote kwa pamoja, wakianguka na kucheka, na wazazi pembeni wakishangilia. Baba mmoja, mtu wa watu tu, mwenye furaha yake, akapaza sauti: "Macho kwa mpira!"

Mabega ya Komeo yakaruka. Akageuka nyuma, upesi, akitafuta. Na macho yake yakatua kwenye kona ya ukuta, alikojificha baba yake.

Mama hakuwa amemwona. Alimshika mkono akamwambia neno, lakini mtoto alikuwa ameshaachia lango. Akarudi njia waliyojia. Akampita baba yake umbali wa hatua mbili, kama anavyompita kila mtu.

Siku hiyo mchana Redio alifunga duka. Mteja wa nusu kichwa alikuwa ameshakwenda kumaliziwa kwa jirani, akimtania kwa kila aliyepita kwamba Redio betri zimekwisha. Nyumbani, mke wake hakumtazama. Komeo alikuwa mezani, amefungua daftari la hesabu. Redio akavuta kiti, akakaa mbali kidogo, akajilazimisha kusema machache.

"Sitakuja tena. Siku za mazoezi nitaondoka mtaani kabisa. Nitakwenda kokote. Hutaniona, hutanisikia. Nenda ukacheze tu, mwanangu."

Komeo aliweka kalamu chini. Ikaonekana anataka kusema. Redio alitaka kumsaidia, kama alivyokuwa akifanya tangu mtoto akiwa mdogo, kumkisia neno na kulimalizia, na kwa mara ya kwanza alijizuia. Akakaa. Mtoto alikwama, akafumba macho, akaanza upya. Mishipa ya shingo ilimtoka. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi, hakusogea. Sentensi ile fupi ilichukua muda mrefu kuliko habari zote alizowahi kusimulia kinyozi.

"Na... nakusikia... ha-hata... ha-hata usi... usipokuwepo."

Akachukua kalamu, akaendelea na hesabu zake.

Redio alibaki kwenye kiti. Alikuwa na maneno mengi kifuani, na hakuona hata moja ambalo lisingekuwa sauti yake. Mama akaja, akawasha taa ya mezani ingawa nje bado kulikuwa kweupe, ili mtoto aone vizuri anachoandika, kisha akarudi jikoni. Hiyo ndiyo sentensi kamili ya mwisho ambayo Komeo alimwambia baba yake mwaka ule, na mwaka uliofuata.